Ya kusimama, ya mezani, ya ukutani au ya kuning'inia: taa gani ya plagi inafaa nyumba ya kupanga?

Nyumba nyingi za kupanga, iwe Sinza, Tabata, South B au Nyali, hukabidhiwa zikiwa na taa moja tu sebuleni, katikati ya dari, na mara nyingi ni balbu nyeupe kali au tyubu. Kwa kutafuta sindano iliyoanguka haina mpinzani. Lakini mgeni akikaa chini yake saa mbili usiku, macho yake yanaingia kivulini, kuta zote zinafanana, na kochi ulilolidunduliza mwaka mzima linaonekana la ofisini. Kuibadilisha kunataka fundi umeme, ruhusa ya mwenye nyumba, na pengine kuchimba ukuta ili waya mpya upite. Taa ya kuchomeka kwenye soketi haitaki hayo yote, na siku ya kuhama unaibeba.

Shida inaanza kwenye kuchagua. Maduka ya taa ya Kariakoo huziwasha zote kwa pamoja, na zote zinapendeza kwa sababu hakuna anayeuangalia waya. Nyumbani waya ndio mwenye neno la mwisho. Kwa hiyo mimi huanza na maswali mawili kabla ya umbo na bei: waya utapita wapi kutoka soketi hadi pale taa itakapokaa, na mkono wangu utaiwashia wapi? Ukilinganisha kwa maswali hayo, taa iliyokuvutia zaidi dukani mara nyingi hushika mkia.

Sebuleni: ya kusimama au ya mezani?

Soketi za nyumba zetu nyingi ziko chini, karibu na sakafu, na kochi hukaa mbele yake. Hapo taa ya kusimama ina bahati. Waya wake unashuka ndani ya nguzo, unatokea kwenye kitako, unapita nyuma ya kochi na kufika kwenye soketi bila mtu kuuona. Taa ya mezani inataka meza kwanza, kisha waya wake unaning'inia nyuma ya meza kabla ya kufika chini. Kama nyumba ina mtoto anayetambaa, waya huo ni kamba ya kuvutia taa imwangukie.

Taa ya kusimama nayo huanguka, kama kitako chake ni chepesi. Dukani isukume kwa kidole pale juu kwenye kofia. Ikiyumba na kurudi, sawa. Ikianza kulala, iache. Vitako vya chuma kizito au marumaru ndivyo vya kutafuta, hata kama nguzo yenyewe ni ya kawaida.

Taa za kusimama zina maumbo matatu makuu, na hapa ndipo wengi hukosea. La kwanza lina bakuli linalotazama juu, linarusha mwanga darini na dari nyeupe inaurudisha chini bila kuchoma macho. Kwa maelezo hayo ndilo bora. Tatizo ni pangaboi. Feni ya darini ikizunguka katikati ya mwanga huo, mapanga yake yanaukatakata na vivuli vinakimbia dari nzima bila kupumzika. Hakuna anayeweza kutazama taarifa ya habari hivyo. Mwenye kiyoyozi au feni ya kusimama anaweza kuichukua bila wasiwasi, mradi dari yake iwe nyeupe, maana dari ya mbao iliyokolea humeza mwanga na kurudisha kidogo tu.

Umbo la pili ni upinde mrefu unaoleta taa juu ya meza ya kahawa. Linapendeza kwenye picha, ila linahitaji sebule pana. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, upinde unakata njia na kila mrefu wa ukoo atagonga kichwa.

La tatu ni nguzo iliyonyooka yenye kofia ya kitambaa au ukili, na hili ndilo ninalompa mtu yeyote anayenunua taa yake ya kwanza. Mwanga unatoka juu kidogo, chini kidogo, na pembeni unachujwa na kofia. Kipimo chake ni rahisi: kaa kwenye kochi, tazama taa. Ukiiona balbu yenyewe, nguzo ni ndefu mno au kofia ni fupi. Nguzo ya mita moja na nusu hivi hukaa sawa na makochi mengi.

Taa ya mezani inashinda mahali pengine. Juu ya kabati la TV inapunguza tofauti kati ya skrini inayong'aa na ukuta mweusi nyuma yake, na macho yanachoka polepole zaidi. Katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe au Lamu zenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, taa ndogo ndani ya kidaka inafanya kazi ambayo hakuna taa ya dari inayoiweza. Na kwa mwanafunzi hakuna mjadala: taa ya mezani yenye shingo inayopinda, ikiwekwa upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie daftari.

Ukiwa na fedha za taa moja, nunua ya kusimama. Ukipata za mbili, ya pili iwe ya mezani na ikae kona ya pili ya chumba, isibanane na ile ya kwanza.

Chumbani: ya mezani au ya ukutani?

Hapa mambo yanageuka. Vyumba vingi vya kulala vya kupanga vikishaingia kitanda cha futi sita, hakuna nafasi ya kimeza pembeni. Taa ya ukutani ya plagi, ambayo unaifunga kwa skrubu mbili na waya wake unashuka wazi hadi kwenye soketi, haichukui hata inchi ya sakafu.

Chandarua nacho kina kura. Taa ya kimezani mara nyingi inaishia kugusana na chandarua kinapochomekwa chini ya godoro, na balbu ya zamani ya waya inayochemka inaweza kukiyeyusha. Ya LED haichemki hivyo, lakini bado sipendi kitambaa kilalie taa. Ya ukutani unaifunga nje ya mstari wa chandarua, kiasi cha sentimita 50 hadi 60 juu ya godoro, ili mwanga uangukie kitabu na usimpige usoni aliyelala pembeni. Swichi iwe kwenye taa yenyewe au kwenye waya, mahali mkono unapofika ukiwa umelala. Soketi zetu nyingi zina swichi yake, ni kweli, lakini ikiwa nyuma ya ubao wa kitanda haikusaidii kitu saa sita usiku.

Sasa ukuta. Tofali la saruji linatobolewa kwa drili ya kugonga, unaingiza rolplagi, kile kidude cha plastiki kinachoishika skrubu, unafunga skrubu. Ukihama unaziba kwa puti na kupaka rangi. Jambo moja la hatari ambalo wengi hawalijui: mabomba ya waya ndani ya kuta kwa kawaida hupanda wima kutoka soketi au swichi kwenda juu. Na hapo juu ya soketi ndipo kila mtu anapotaka kuweka taa ya ukutani, ili waya ushuke moja kwa moja. Usitoboe kwenye mstari huo. Sogea pembeni upana wa viganja viwili, uache waya upinde kidogo mwishoni.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni habari nyingine. Drili ya kugonga inazimomonyoa, na tundu la milimita sita linageuka shimo la yai. Kwenye nyumba kama hizo taa ya mezani au ya kidakani inashinda bila mchezo.

Kuna taa za ukutani za kubandika kwa gundi, na muuzaji atakuambia hazihitaji kutoboa. Juu ya vigae au rangi ya mafuta zinashika. Juu ya rangi ya maji, hasa iliyopakwa juujuu kabla ya mpangaji mpya kuingia, gundi inashika rangi, na rangi ndiyo inayoachia ukuta. Taa inaanguka na kipande cha rangi cha ukubwa wa sahani, na hapo ndipo mazungumzo ya amana na mwenye nyumba yanapoanza.

Kuhusu waya unaoning'inia ukutani, una njia mbili: uufiche ndani ya tranki, yaani mfereji mwembamba wa plastiki wa kupitishia waya, na kuipaka rangi ya ukuta, au uuache wazi, ulionyooka, uliovikwa kitambaa cheusi au cha rangi ya dhahabu. Mimi ni wa njia ya pili. Tranki haijawahi kumdanganya mtu.

Ya kuning'inia: nzuri kuliko zote, na ya mwisho kununua

Kofia kubwa ya ukili au kikapu kilichogeuzwa, kikining'inia kwa waya mrefu juu ya meza ya kulia, kinatupa vivuli vya misuko kwenye kuta zote. Hakuna taa ya plagi inayobadilisha chumba kwa kiasi hicho. Nimeiweka mwisho kwa sababu ya hesabu ya waya.

Chukua nyumba yenye dari ya mita 2.8. Kutoka soketi ya chini hadi darini ni kama mita mbili na nusu. Kutoka ukutani hadi juu ya meza, mita moja na nusu nyingine. Kisha taa ishuke hadi sentimita 75 hadi 90 juu ya meza, yaani mita moja na zaidi. Jumla ni mita tano, na taa nyingi za namna hii huja na waya mfupi kuliko huo. Unaishia na ekstensheni inayopanda ukutani, ambayo hakuna kikapu kitakachoifuta machoni.

Kisha ndoano. Kwenye boriti za nyumba za pwani ndoano inaingia kwa mkono na kukaa miaka. Kwenye slabu ya zege unatoboa. Kwenye jipsamu, ambayo ndiyo dari ya nyumba nyingi mpya, ubao wenyewe haubebi kitu. Lazima skrubu ipate fremu iliyo nyuma yake, au utumie nanga inayofunguka kwa ndani na taa iwe nyepesi. Na kama chumba kina pangaboi, taa isikaribie mzunguko wake, kwa sababu upepo utaibembeza usiku kucha na siku moja mapanga yataufikia waya.

Ukili, raffia na makuti ni vitu vikavu. Ndani yake weka LED tu.

Kama una mkataba wa mwaka mmoja na huna uhakika wa pili, acha. Kama una boriti, nunua kesho.

Mikanda ya LED na taa za kamba

Vijana huanza na hizi, na sielewi sana kwa nini. Mkanda unaobadilisha rangi kuzunguka dari nzima unafanya sebule ionekane saluni. Mahali unapofaa ni pale usipoonekana wenyewe: nyuma ya TV, chini ya makabati ya jikoni juu ya meza ya kukatia, au nyuma ya ubao wa kitanda, ambapo unaona mwanga bila kuona vidoa vya LED.

Muhimu ni kujua unanunua mkanda gani, kwa sababu dukani ipo miwili inayofanana. Wa kwanza unafanya kazi kwa volti 12 kupitia adapta. Unaweza kukatwa kila baada ya LED chache palipowekwa alama, na ukiugusa haukudhuru. Wa pili unauzwa kwa mita ukiwa ndani ya plastiki nene, na unachomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230. Una mwanga mwingi na unakwenda mbali bila kufifia, ndiyo maana mabaa na kumbi huupenda, lakini ncha iliyokatwa na kuachwa bila kifuniko ni umeme kamili wa nyumba. Ndani ya nyumba yenye watoto chukua wa volti 12.

Adapta ya mkanda wa volti 12 ichaguliwe kwa hesabu. Mkanda wa rangi unaokula wati 14.4 kwa mita, ukiwa na mita tano, unahitaji wati 72, yaani ampea 6. Ukipewa adapta ya ampea 2 mkanda utawaka, lakini adapta inaweza kuchemka hadi ife. Mkanda wa rangi moja wa wati 4.8 kwa mita unatosheka na hiyo ya ampea 2.

Taa za kamba zenye balbu ndogondogo ni za baraza na roshani. Nje tafuta alama ya IP44 au zaidi, inayoonyesha taa inastahimili matone ya maji, na plagi ibaki ndani. Rangi iwe ya njano, kwa sababu mwanga mweupe unavuta wadudu zaidi. Hata hivyo msimu wa kumbikumbi ukifika hakuna rangi itakayokuokoa, zima tu. Pwani, hewa ya chumvi inakula viunganishi vya chuma haraka, hivyo usitumie pesa nyingi hapa.

Plagi, fyuzi na balbu

Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia volti 240 au 230 na plagi ya pini tatu za mraba ya Kiingereza, sawa na Oman na Dubai. Taa iliyoletwa na ndugu kutoka Muscat unaichomeka tu. Iliyotengenezwa China kwa soko la jumla au kutoka Ulaya mara nyingi ina pini mbili za mviringo, na hapo ndipo watu hutumbukiza kalamu kwenye tundu la juu ili kufungua soketi na kuzisukuma. Pini hizo hazikai sawa, zinalegea, zinatoa cheche na kuunguza soketi. Na kwa vile plagi hiyo haina fyuzi, hakuna kinachoulinda waya mwembamba wa taa. Kata plagi, funga ya pini tatu.

Ukiifunga, angalia fyuzi iliyomo. Plagi nyingi huuzwa na ya ampea 13, inayofaa pasi na birika. Taa inatakiwa iwe na ya ampea 3, ambayo inaruhusu karibu wati 690, mara nyingi zaidi ya taa yoyote ya nyumbani. Waya mwembamba wa taa ukipata shoti nyuma ya fyuzi ya 13, unaweza kuchemka kabla fyuzi haijakatika.

Taa ya mwili wa chuma iwe na waya wa ethi, yaani nyaya tatu ndani, au iwe na alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonyesha imekingwa mara mbili. Bila kimojawapo, hata ikiwa nzuri vipi, irudishe.

Taa kutoka Marekani ina mtego wake. Balbu iliyomo ni ya volti 120 na itaungua papo hapo, na waya na swichi huenda vimetengenezwa kwa volti hizo hizo. Kofia na nguzo ni zako; waya, swichi na holda mpe fundi abadilishe vyote.

Kwenye holda, uliza kama ni ya pini au ya skrubu. Nyumba zetu nyingi zina holda za pini darini, lakini taa nyingi za plagi zinazoingia ni za skrubu, E27 au E14 iliyo nyembamba. Zote zina balbu madukani, ila E14 zina chaguo dogo.

Balbu ndiyo itakayoamua kama juhudi zote zilikuwa na maana. Soma namba yenye herufi K kwenye boksi: 2700 hadi 3000 ni mwanga wa njano wa sebuleni na chumbani, 6500 ni ule mweupe wa buluu uliokuwa unaukimbia. Nimeona taa nzuri za bei kubwa zikiwa na balbu ya 6500 ndani, na hakuna kilichobadilika chumbani isipokuwa urefu wa waya. Kisha lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga: 800 inatosha taa ya kusimama, 400 inatosha ya pembeni mwa kitanda. LED ya wati 8 au 9 inatoa lumeni 800, mwanga uliokuwa wa balbu ya wati 60.

Matumizi si sababu ya kuogopa. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku inakula uniti 1.35 kwa mwezi, na tatu zinafika uniti nne. Balbu za zamani za wati 60 zingekula uniti 9 kila moja, 27 kwa jumla, na kwa mteja wa TANESCO wa tarifa ya D1 yenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya theluthi ya ukomo huo.

Swichi ya kubofya ya kawaida naipendelea kuliko ya kugusa au ya rimoti, kwa sababu ya umeme wetu. Ukikatika na kurudi, swichi ya kubofya inabaki ilivyoachwa. Zile za kugusa nyingine hurudi zimezima, na balbu janja nyingi hurudi zikiwaka kwa nguvu zote, saa tisa usiku, chumba kizima kikiwa kimelala.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aichomeke taa yenyewe unayoondoka nayo, siyo ya maonyesho. Iache iwake mnapoandikiana risiti, kisha shika plagi na adapta uone kama zimepata moto. Nyoosha waya wote na uupime kwa hatua. Ukiwa mfupi kuliko mita moja na nusu na soketi yako iko nyuma ya kabati, omba nyingine, au mwachie taa yake.